Bafe ya Hoteli Hupimwa kwa Tumbo, si kwa Mkoba

Tangu Hispania itoe Sheria namba 1 ya mwaka 2025, ya tarehe 1 Aprili, ya kuzuia upotevu wa chakula, nimekuwa nikiwasikia wasafiri wakiambizana jambo moja kwa uhakika mkubwa: kwamba sasa mgeni wa hoteli ana haki ya kubeba chakula kutoka meza ya kifungua kinywa, na mhudumu atakayemzuia ndiye mkosaji. Kauli hiyo haikuzuka hewani. Sheria hiyo inazitaka biashara za chakula zimpe mteja, bila malipo, chombo cha kubebea alichobakiza, na zimjulishe waziwazi kwamba anaweza kukiomba. Ufaransa ilishatangulia, huko wajibu kama huo ulianza tarehe 1 Julai 2021. Wanaosimulia habari hii huishia hapo, ilhali sheria zenyewe haziishii hapo. Zote mbili zinauweka wajibu huo na papo hapo zinaiondoa humo bafe, yaani chakula kinachotolewa bila kikomo. Kile hasa ambacho watu wanadhani kimeruhusiwa ndicho kilichoachwa nje, tena kwa makusudi.

Nadhani watunga sheria walikuwa sahihi, na ndani ya sababu yao mna jibu la ugomvi wote wa mikate inayofichwa kwenye tishu. Anayelipia bafe hanunui kilo za chakula. Ananunua ruhusa ya kula mpaka ashibe, akiwa pale, katika saa zilizopangwa, na kipimo pekee walichokubaliana na hoteli ni tumbo lake. Akianza kujaza mkoba bila kusema, amekiondoa kipimo hicho na kuchukua kitu ambacho bei aliyolipa haikukihesabu. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno. Ila msimamo huohuo unaibana hoteli pia. Haiwezi kumfundisha mgeni heshima ya chakula saa mbili asubuhi, kisha saa nne na nusu ikamwaga trei nzima ya mayai kwenye pipa. Mjadala huu umekwama kwa sababu wageni wameshika nusu moja ya jambo, wenye hoteli wameshika nusu nyingine, na kila mmoja anamwona mwenzake mchoyo.

Inafaa kukumbuka bafe ilikotoka. Zamani kifungua kinywa cha hoteli kililetwa mezani kikiwa kimehesabiwa: yai lako, vipande vyako vya mkate, kikombe chako. Waswidi walikuwa na meza yao ya vyakula vingi iitwayo smörgåsbord, na mwaka 1958 Hoteli ya Imperial ya Tokyo ikauchukua mtindo huo wa Skandinavia na kuuita Viking, jina ambalo Wajapani wanalitumia hadi leo kwa mlo wa kujipakulia utakavyo. Kule Las Vegas, mji wa kamari wa Marekani, hoteli ya El Rancho Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1941, ilianza katika miaka hiyohiyo ya 1940 kuandaa bafe ya usiku kwa lengo lililojulikana na kila mtu: mcheza kamari aliyeshikwa na njaa asitoke nje kutafuta chakula. Mfano huu wa mwisho unanivutia kuliko yote, kwa kuwa unaonyesha kwamba wingi ule haukuwa ukarimu uliotupwa ovyo. Mwenye nyumba alitoa chakula kingi ili mgeni akae. Bafe ilifungamana na mahali tangu siku zake za mwanzo, na hoteli ya leo inayoweka matunda, jibini na aina tano za mkate inafanya hesabu iliyo jirani na ile: mgeni anajipakulia mwenyewe, wahudumu wanaohitajika ni wachache, na kilichookolewa hapo kinarudi mezani kwa sura ya wingi. Mgeni hahesabiwi vijiko, naye hahesabu. Ni makubaliano ya kuaminiana.

Bei ya makubaliano hayo hupangwa kwa wastani. Yupo atakayekunywa kahawa tupu na kuondoka, yupo atakayekula sahani moja, yupo aliyeshinda njaa safarini ambaye atarudi mara nne. Anayekula kidogo anambeba anayekula sana, kama inavyokuwa katika bima, ambapo asiyeugua humchangia mgonjwa bila kudai fedha zake mwisho wa mwaka. Hesabu hii inasimama kwa sababu tumbo lina mwisho. Hata mlaji hodari atafika mahali asukume sahani pembeni. Mkoba hauna mahali hapo. Ndani yake mnaingia chakula cha mchana, cha jioni, cha rafiki ambaye hakulala hotelini, cha safari ya kesho. Wageni wengi wakifanya hivyo, hoteli itabaki na njia tatu tu: kupandisha bei, kupunguza aina za vyakula, au kurudi kwenye sahani iliyohesabiwa. Kwa vyovyote, anayelipa ni mgeni mwingine, yule aliyekula akashiba akaondoka mikono mitupu. Watu husema hoteli ni tajiri, haitasikia maumivu ya mkate mmoja. Huenda ni kweli. Maumivu hayo hayaishii kwa tajiri.

Hoja inayotajwa kuliko zote na wanaobeba ni kwamba chakula chenyewe kitatupwa tu. Naielewa inavyogusa moyo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu asilimia 19 ya chakula chote kilichowafikia walaji, na katika hizo asilimia 28 zilitoka kwenye migahawa, hoteli na huduma nyingine za chakula. Mtu mwenye dhamira akiikumbuka takwimu hiyo mbele ya trei iliyojaa, mkono wake utataka kuokoa. Lakini tazama kinachotokea kweli mezani. Trei ya saa mbili asubuhi si makombo, ni chakula cha mgeni wa saa tatu. Mpishi anayeichunga ana agizo moja: isionekane tupu mpaka mlango ufungwe. Ukitoa mikate sita, anajazia sita. Ukitoa kumi, anajazia kumi. Mwisho wa zamu meza inabaki na kiasi kilekile ambacho kingebaki hata usingebeba, na pipa linapokea kilekile. Kilichobadilika ni kwamba jikoni wametumia unga zaidi, na kesho msimamizi akiangalia daftari lake ataona mikate inakwenda haraka na kuagiza mingi kuliko leo. Kubeba kwa siri saa za chakula hakupunguzi kinachotupwa hata punje. Kunaweza kukiongeza, kwa sababu baadhi ya vilivyobebwa huishia kwenye droo ya chumbani, vikikauka karibu na funguo, mpaka mfanyakazi wa usafi avikusanye.

Udhaifu wa hoja hii unaonekana vizuri zaidi kwenye vijikopo vya jemu, siagi na asali. Hivi ndivyo vinavyozolewa kwa viganja, kwa kuwa ni vidogo, vimefungwa, na havichafui mkoba. Sasa, katika vyote vilivyo mezani hivi ndivyo ambavyo havitatupwa kabisa. Kijikopo kisichofunguliwa kinarudi kabatini leo na kutoka tena kesho. Anayesema anaokoa chakula huku amejaza mfukoni vijikopo kumi vya jemu anaokoa kitu ambacho hakikuwa hatarini.

Kuna sehemu moja ambapo hoja ya kutupwa ina nguvu, na haki inataka niitaje. Chakula kilichokwisha kuingia kwenye sahani yako hakirudi mezani. Ukibakiza nusu ya mkate, nusu hiyo ina njia mbili tu, wewe au pipa. Hapo, ukiangalia kipande hicho peke yake, kukifunga na kuondoka nacho ni bora kuliko kukiacha. Kwa nini basi Hispania na Ufaransa hazikuwabana wenye bafe hata kwa mabaki ya sahani? Kwa sababu kwenye mgahawa wa kawaida ukubwa wa sahani huamuliwa na jiko, na mteja akishindwa kuimaliza si kosa lake. Kwenye bafe anayeamua ni mlaji, na chombo cha bure mlangoni kingemfundisha apakue milima miwili, mmoja wa kula na mmoja wa kufungiwa. Sheria imeacha kipande cha mkate kipotee ili isifungue mlango huo. Gharama hiyo ipo, siikani. Hata hivyo sheria kutoilazimisha hoteli si sawa na kuikataza, na mhudumu mwenye busara akiona mtoto amekula robo ya sahani akamwambia mzazi, “Nikufungie hiki kilichobaki?” hajavunja kanuni yoyote.

Hoja ninayoiona nzito ni nyingine, na hutolewa na watu wapole zaidi. Wanasema: mwenzangu anakula sahani sita na hakuna anayemtazama, mimi nakula moja, nabeba ndizi na mkate, naitwa mwizi. Chakula nilichokigusa mimi ni robo ya chake. Kwa nini yeye awe mgeni mwema na mimi nionewe? Siwezi kuipuuza hoja hii kwa kusema kanuni ni kanuni. Kwa kipimo cha uzito, mbebaji mdogo ameigharimu hoteli kidogo kuliko mlaji mkubwa, na haki inayoangalia gharama peke yake ingemsimamisha mlaji. Jibu langu ni kwamba wote wawili walinunua kitu kimoja, nacho ni kushiba, na kushiba hakuna ukubwa mmoja. Aliyeshiba kwa sahani moja amekipata chote alichokilipia. Hana deni analoidai hoteli la sahani tano zilizosalia, kama vile aliyelala saa nne kwenye kitanda cha usiku mzima hana saa nyingine nne za kudai baadaye. Ila hoja yake inafichua jambo jingine ambalo ni la kweli: wingi wa alichobeba ndio unaomfanya aonekane mdogo au mkubwa machoni petu, wakati wingi si mahali pazuri pa kuweka mpaka.

Mpaka ninaouona mimi ni huu: je, kilichobebwa kinaumaliza mlo huu, au kinaanzisha mlo mwingine? Kila mlo una mkia wake. Tunda unalotoka nalo mkononi, chai uliyoimimina kwenye kikombe chenye kifuniko, mkate ulioumwa mara mbili gari likafika, hivyo ni mkia wa kifungua kinywa, na hoteli nyingi hazina neno navyo. Lakini mtu anayekata mikate minne katikati kwa utulivu, akaipaka siagi, akapanga jibini na nyama, akafunga kila mmoja kwa tishu mbili na kuipanga ndani ya mkoba kama anayepanga nguo, huyo ameshamaliza kula. Anatayarisha mchana. Hata jinsi mikono inavyokwenda inatofautiana, na wahudumu wanaijua tofauti hiyo kwa kutazama tu kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Wasipoitazama tofauti hiyo, matokeo ni mabaya. Asubuhi moja, katika hoteli ambayo sitaitaja, nilikuwa meza ya karibu na mlango. Mama mmoja alikuwa na watoto wawili, mdogo amemlalia begani, hajala kitu. Mama akafunga mkate mmoja wa mviringo kwenye tishu, akachukua ndizi moja, akaviweka juu juu kwenye mkoba bila kuvificha. Msimamizi akamkuta mlangoni. “Mama, samahani, naomba ufungue mkoba.” Palikuwa na foleni ya watu wanaoingia. Alitoa kimoja kimoja juu ya meza ya mapokezi ya ukumbi: ndizi, mkate, nepi mbili, chupa ya maziwa ya mtoto. Hakusema neno. Dakika tano kabla, mzee mmoja aliyevaa koti zuri alikuwa ametia machungwa manne mifukoni, akatoka, na msimamizi yuleyule akamwambia, “Siku njema, baba.” Mkate ule na ile ndizi vilikuwa kifungua kinywa cha mtoto aliyelipiwa, kilichocheleweshwa na usingizi. Kilikuwa ndani ya makubaliano kwa kila kipimo ninachokijua. Machungwa manne hayakuwa ndani.

Nimeieleza asubuhi hiyo kwa sababu hoteli zinapoacha kanuni yao bila kuiandika, inayotawala ni sura ya mgeni. Anayeonekana kuwa na fedha anachukuliwa kuwa anaonja, asiyeonekana hivyo anachukuliwa kuwa anaiba. Ndiyo maana nawaunga mkono wenye hoteli katika kuweka mpaka, na nawapinga kabisa wanapoulinda kwa kupekua mikoba. Mgeni aliyechukua tunda la ziada hajafanya jambo linalostahili kufunguliwa begi mbele za watu. Hata aliyetengeneza mikate minne anastahili kuambiwa pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba kama anahitaji chakula cha njiani jiko linaweza kumwandalia.

Wenye hoteli wanapenda kujitetea kwa usalama wa chakula. Utetezi huo ni wa kweli kwa nusu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, cha moto kishikiliwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi chini ya nyuzi 5, kwa kuwa kati ya hapo bakteria huzaliana upesi. Yai la kukoroga lililofungwa kwenye tishu saa mbili asubuhi na kuliwa saa saba mchana limepita muda huo mara mbili na zaidi, na kuna bakteria, kama Stafilokokasi, ambao sumu yao haiondoki hata ukikipasha moto chakula. Mgeni akiugua jioni atasema aliugua kwa chakula cha hoteli, na hatataja saa tano zile za mkobani. Hiyo ni hofu halali. Lakini ndizi haina hatari hiyo, wala mkate mkavu, wala tufaha. Hoteli inayokataza vyote kwa jina la usalama inaficha sababu ya fedha nyuma ya sababu ya afya, na mgeni mwenye akili anaiona mara moja, kisha anaanza kuidharau hata ile sehemu ya onyo iliyo ya kweli. Afadhali iseme wazi: mayai, nyama na maziwa tunakuomba uvile hapa kwa ajili ya afya yako, vingine tumevipanga kwa kuliwa hapa, ukihitaji vya njiani tuambie.

Msafiri anayevuka mpaka ana sababu yake ya ziada ya kuwa mwangalifu. Mwaka 2022 abiria aliyetua Darwin, nchini Australia, akitokea Bali alitozwa faini ya dola 2,664 za Australia kwa kutowatajia maofisa wa mpakani mikate miwili ya mayai na soseji ya ng'ombe pamoja na kruasa moja ya nyama ya nguruwe, vyakula ambavyo mtu hununua asubuhi na kuvisahau kwenye begi. Mkate wa bafe unaosahaulika mkobani hautofautiani na huo machoni pa maofisa wa karantini.

Wapo ambao kubeba kwao ni hitaji. Mwenye kisukari anayetumia insulini hawezi kutembea bila kitu cha kula. Aliyefunga anakuta ukumbi umefungwa saa ya daku na unafunguliwa akiwa ameshanuia. Mwenye ndege ya alfajiri anaondoka na kifungua kinywa alichokilipia kikiwa bado unga. Mgonjwa hawezi kushuka kutoka chumbani. Watu hawa hutajwa sana na wanaotetea mkoba, kana kwamba wao ndio wanaofanya siri. Ukweli ni kwamba hao ndio wasio na haja ya siri hata kidogo. Hoteli nyingi huandaa boksi la chakula kwa anayeondoka mapema, mradi jiko lijue usiku uliotangulia. “Dada, tunatoka saa kumi alfajiri, mnaweza kutufungia chochote?” Swali hilo huchukua nusu dakika pale mapokezi. Aliyelipia mlo wake na kuliuliza anapata tunda, mkate na maji vikiwa vimefungwa vizuri kuliko tishu yoyote. Na hoteli inayojibu hapana kwa mgeni kama huyo, baada ya kupokea fedha ya mlo wake, imevunja makubaliano kwa upande wake, na hapo lawama naielekeza kwake yote.

Kinachobaki ni pipa la saa nne na nusu, na hapa ndipo sheria mpya zinapopaswa kusomwa kwa makini kuliko pale penye vyombo vya kubebea. Kuitoa bafe kwenye wajibu wa kufungasha hakukuitoa kwenye wajibu wa kuzuia upotevu. Hispania imepanga ngazi: kwanza kuzuia kisibaki, kisha kinachobaki kiwafikie watu wakile, kisha wanyama, na matumizi mengine baada ya hapo. China, katika sheria yake ya tarehe 29 Aprili 2021, iliwataka wenye bafe wawaeleze wageni kanuni zao mapema, waweke sahani za ukubwa tofauti, na wawakumbushe kupakua kwa kiasi. Inaruhusu hata kumtoza mteja anayebakiza kupita kiasi, jambo ambalo binafsi naona linafaa litumike kwa nadra. Habari ya sahani inaweza kuonekana ndogo, lakini utafiti uliofanywa katika hoteli za Norway na kuchapishwa mwaka 2013 uligundua kwamba kupunguza ukubwa wa sahani kulipunguza chakula kinachotupwa kwa karibu asilimia 20, na kwamba kibao kilichomkaribisha mgeni arudi mara nyingi atakavyo kilileta nafuu inayokaribia hiyo, bila wageni kulalamika zaidi. Nakipenda kibao hicho kwa sababu kinatibu ugonjwa wenyewe. Mtu anayejua kwamba hatanyimwa mara ya pili hana haraka ya kujaza, na njaa ya macho inatulia. Huenda hata mkoba ukafungwa wenyewe.

Kuna wenye hoteli wanaouza mabaki ya bafe kwa bei ndogo mara ukumbi unapofungwa, kwa kutumia programu za simu kama Too Good To Go, iliyoanzia Denmark. Wengine wana makubaliano na vituo vya kulea watoto au wazee. Wengine hawana chochote zaidi ya pipa, na hao ndio ambao mgeni ana haki ya kuwauliza maswali magumu anapolipa bili yake.

Lakini kabla ya mgeni na kabla ya programu yupo mtu mwingine, na sijamsikia akitajwa katika mjadala huu. Zipo hoteli ambazo mfanyakazi akikutwa na mkate kwenye begi lake anaondoka kazini siku hiyohiyo, hata kama mkate huo ulikuwa unaelekea kutupwa. Sababu wanayopewa ni kwamba wakiruhusiwa kubeba mabaki, watapika zaidi ili yabaki. Ni hofu ileile iliyoitoa bafe kwenye sheria za kufungasha, ila kwa mgeni hofu hiyo inaishia kwenye aibu na kwa mpishi inaishia kwenye mshahara. Kila mkate unaopita mlangoni kwa siri unapita mbele ya mtu aliyeukanda, aliyeamka saa tisa usiku kuutia kwenye jiko, na ambaye yeye akipita nao atafukuzwa. Mgeni aliyengoja mpaka trei zianze kuondolewa, akauliza kwa sauti ya kawaida kama anaweza kupata mkate mmoja katika ile inayopelekwa nyuma, nadhani anastahili kujibiwa ndiyo. Ila mwenye kuulizwa kwanza kama anautaka, kila siku, awe ni yule dada anayeisukuma trei.